Mkono wa Aliyetuma

Klabu yetu haina makuu. Ni nyumba ya mabati mekundu juu kidogo ya mji wa Nyeri, yenye baraza ndefu upande wa mbele, baa ndogo, meza ya biliadi ambayo kitambaa chake kimeshonwa mara nyingi kuliko soksi za watoto wangu, na kiwanja kimoja cha tenisi cha udongo mwekundu. Asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, ukisimama nyuma ya kiwanja unauona mlima wote. Nimeandika "klabu yetu" kwa mazoea. Si yangu tena, na nikisema kweli haikuwahi kuwa yangu.

Mwanachama alikuwa mume wangu. Alikuwa mpimaji wa ardhi wa serikali, alipima mashamba kuanzia Tetu hadi Mwea, na watu walimheshimu kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Ndugu wawili wangeweza kusimama mpakani na panga mkononi, kila mmoja akiapa kwa kaburi la baba yao, naye angewasikiliza wote mpaka wachoke, kisha achomeke kigingi. Kikishachomekwa hakukuwa na mjadala. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Nilimpenda kwa hilo, kwa sababu nilikulia katika nyumba ya kelele.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa sheria ya klabu, mke wa mwanachama ni mgeni asiyeondoka: anaweza kunywa chai, kucheza, kukaanga vitumbua siku ya sherehe na kuosha vyombo baada yake, lakini hapigi kura. Nyumba moja, kura moja, ndivyo walivyosema waliotutangulia, na hakuna aliyeuliza ni nani ndani ya hiyo nyumba. Mke hupata kura siku anapozika. Mume akifa angali mwanachama, mjane hurithi nafasi yake, nzima, na anapewa habari hiyo pamoja na pole. Miaka mingi niliiona kama sheria ya ajabu kidogo ambayo hainihusu.

Nilianza kucheza tenisi nikiwa nimepita miaka arobaini, watoto wote wakiwa shule za bweni. Aliyenifundisha alikuwa mke wa mwanachama mwenzetu, muuguzi, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa. Siku ya kwanza nilivaa raba za binti yangu na sketi ya kanisani, na mpira ulinipita kama nzi. Niliendelea kwenda. Mwili wangu ulikuwa umezoea kuinama: nilichuma chai ya mama yangu Tetu nikiwa mdogo, nikafua, nikapanda viazi, nikasahihisha madaftari ya watoto wa watu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mwanamke anaweza kunyooka, akapiga kitu kwa nguvu zake zote, na badala ya kugombezwa apigiwe makofi.

Mume wangu hakunikataza. Alikaa barazani na gazeti lake, mgongo ukielekea kiwanjani, kwa sababu, nilivyodhani, jua lilitoka upande huo. Tukirudi nyumbani alikuwa akiuliza kama nimeshinda, nami ningemwambia, naye angeitikia kwa kichwa. Nilidhani huko ndiko kupendana kwa watu wazima.

Kisha kiharusi kikaja. Kilimkuta bafuni, na kilipomwachilia kilikuwa kimechukua upande wote wa kulia na maneno yote. Yalibaki macho na mkono wa kushoto. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alitufundisha namna ya kuzungumza: mimi nauliza, yeye anakamua mkono wangu. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Una kiu? Nikugeuze? Nizime redio? Ndoa ya miaka mingi iligeuka kuwa maswali yangu na vidole vyake. Watoto walipiga simu, mmoja kutoka Mombasa na mmoja kutoka ng'ambo, wakasema nijitunze, na hakuna aliyesema kwa namna gani.

Kila Jumamosi asubuhi jirani yangu alikuja kukaa naye, nami nilienda kucheza. Hapo sitii chumvi hata kidogo: hiyo Jumamosi ndiyo iliyoniweka mzima. Wiki nzima nilimwinua mtu mzito kuliko mimi, nikanuka dawa na uji, nikaongea na mtu asiyejibu, na kitu pekee kilichonivusha kilikuwa kujua kwamba kuna asubuhi moja nitasimama penye mstari wa chokaa na kurusha mpira juu. Nilipokuwa nikifunga kamba za viatu vyeupe, yeye aligeuza uso ukutani. Nilidhani ni shingo inayomuuma, nikamwekea mto mwingine.

Halafu kamati mpya ya klabu ikaja na mambo yake. Walikuwa watu wa umri wa kati, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na magari marefu, na mwenyekiti wao alikuwa kijana wa miaka hamsini hivi ambaye kaka yake nilimfundisha kuandika. Nafasi za uanachama zimewekewa kikomo, na marafiki zao walikuwa wakingoja kuingia. Basi wakaandaa pendekezo: mwanachama ambaye ugonjwa au safari imemweka mbali, na ambaye hakuna tumaini la kumwona tena, apumzishwe kwa heshima. Neno lilikuwa hilo, apumzishwe. Nilipolisikia nilifikiri juu ya mbwa wetu mzee, yule tuliyemwitia daktari wa ng'ombe aje na sindano. Kila jina lingepigiwa kura peke yake, na la mume wangu lilikuwamo.

Nilielewa mara moja maana yake kwangu. Akifutwa, mimi si mke wa mwanachama tena. Sichezi. Na siku Mungu atakapomchukua, sitarithi kitu, kwa sababu hatakuwa na kitu cha kurithisha. Rafiki yangu muuguzi, ambaye sasa ni mjane na ana kura yake, alinishika bega pale barazani akasema jambo ambalo najua lilimchoma kulisema. "Mungu anisamehe, lakini kama angeenda ile siku ya bafuni, saa hii wewe ndio ungekuwa unapiga hiyo kura."

Sikumkasirikia. Nilikuwa nimeshalifikiria mwenyewe, nikiwa nimeinama juu ya kitanda, na nikajichukia siku nzima.

Sheria ilimruhusu mwanachama asiyeweza kufika, hata yule anayejadiliwa, kutuma mtu ampigie kura. Sisi tuliita proksi. Lakini anayetumwa lazima awe mwanachama kamili, kwa hiyo mimi, ninayemlisha, ninayemkata kucha, ninayejua kukohoa kwake kwa njaa na kukohoa kwake kwa hasira, sikuweza kubeba kura yake kutoka chumbani hadi klabuni. Nilimwendea mwenyekiti kumuuliza. Alinipa kiti, akaniita Mwalimu, akasema sheria hakuitunga yeye. Nilimwambia kaka yake alikuwa na akili zaidi. Alicheka kwa adabu.

Wiki hizo mji mzima uliwinda proksi. Watu wa kamati walimfuata mwanachama mmoja hadi kwenye mashine yake ya mchele kule Mwea, na mwingine wakamfanya atie sahihi katika soko la Karatina juu ya gunia la kabeji, mteja akiwa bado anavutana bei. Muuguzi wangu naye hakulala. Alikwea milima, akanywa chai ya kila nyumba, akarudi na proksi za wagonjwa na wakaidi. Tulipohesabu, pande mbili zilikaribiana kabisa. Kura ya mume wangu ndiyo ingeamua habari ya mume wangu.

Hakukuwa na swali nani angeibeba. Msimamizi wetu wa harusi bado alikuwa hai na bado alikuwa mwanachama: yule yule daktari wa ng'ombe, mwenzake wa rika, aliyepashwa tohara naye msimu mmoja, mtu aliyekula kwetu Krismasi zaidi ya ndugu zetu. Nilimuuliza mume wangu: nimwite Daktari achukue kura yako? Alinikamua mara moja, kwa nguvu. Nilifurahi. Sikumuuliza kura yenyewe iende wapi. Nani anamuuliza mtu kama anataka kufutwa?

Na huku kwetu huwezi kumpa mwenzako wa rika kura yako halafu ukampa na maagizo mbele ya mke. Ni kumwambia humwamini. Ukimpa, umempa. Vile vile, mtu wa rika akija kumwona mgonjwa, mwanamke huweka chai kwenye chupa, vikombe viwili, kitu cha kutafuna, kisha anatoka na kuwafungia mlango. Hayo mawili ni ya kwetu, na sijawahi kuyabishia.

Daktari alikuja alasiri, koti lake la mvua likinuka ng'ombe kama siku zote. Nilishika kidole gumba cha kushoto cha mume wangu, nikakipaka wino, nikakikandamiza kwenye karatasi, na nikakifuta kwa kitambaa chenye maji ya moto. Kisha, kwa sababu wazee hawa wawili hawakuwa wameongea tangu ugonjwa ila kutazamana, nilimfundisha Daktari lugha yetu. Nilimwambia auweke mkono hivi, aulize jambo moja moja, asubiri. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Aliniuliza kama mgonjwa anaelewa kila kitu. Nikamjibu anaelewa kuliko sisi. Nikaweka chai, nikafunga mlango, nikaenda kumkatia ng'ombe majani.

Niliporudi Daktari alikuwa amesimama nje kwenye baridi, kofia mkononi, na chai haikuwa imeguswa. Alisema atafanya vile atakavyoweza. Nilimpa mayai aende nayo.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya kanisa. Wake waliruhusiwa kukaa nyuma, karibu na meza ya biliadi, kimya. Kura za klabu ni za mikono, na kuna desturi ambayo sijaiona kwingine: mwanachama huinua mkono wa kulia kwa ajili yake mwenyewe, na kama ametumwa, huinua wa kushoto kwa ajili ya aliyemtuma. Kwa hiyo watu wengi siku hiyo waliinua miwili kwa pamoja, na ukumbi ulionekana kama kanisa la kiroho. Kuna waliocheka. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu la buluu na nilikuwa na hakika, maana hesabu tulikuwa tumeifanya.

Jina la mume wangu likasomwa. Mwenyekiti akasema maneno mazuri juu yake, juu ya mipaka aliyoipima na amani aliyoiacha, maneno ya mazishi hasa, na mtu mwenyewe yuko nyumbani akingoja nimgeuze. Akauliza wanaokubali apumzishwe.

Mikono ikapanda. Daktari alikuwa safu ya pili. Aliinua wa kushoto. Wa kushoto peke yake, taratibu, kama mtu mwenye bega bovu, na akauacha juu mpaka ukahesabiwa.

Nilidhani amechanganyikiwa. Nilisimama, muuguzi akanivuta gauni nikakaa. Mwenyekiti akauliza wanaopinga. Daktari akainua wa kulia.

Kukawa na minong'ono. Mwenyekiti alimuuliza kama anajua anachofanya, amepiga pande zote mbili. Daktari alijibu bila kugeuka kwamba anajua, na kwamba sheria haikatazi. Katibu akahesabu, akarudia kuhesabu. Mume wangu alipumzishwa kwa kura moja.

Watu walipiga makofi ya heshima. Nilibaki nikitazama kitambaa cha ile meza, na mishono yake. Kisha hasira ikaja ikaninyanyua. Nilimkuta Daktari kwenye maegesho akitafuta funguo mifukoni. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia anauma na kupuliza, amempa mwenyekiti anachotaka kwa mkono mmoja na kunipaka mafuta kwa mwingine. Nilimwambia alisimama madhabahuni kama shahidi wetu na leo amemzika mwenzake akiwa hai, na mimi pamoja naye. Nilimuuliza amelipwa nini. Mzee yule alipokea yote hayo kichwa wazi, manyunyu yakimwangukia.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "mkono yangu wewe uliona, ile ya kulia. Ile ingine si yangu."

"Ya nani basi?"

"Ya yule alinituma. Mimi nilimuuliza vile ulinionyesha. Nikamuuliza tena, nikafikiria labda hajasikia. Nikamuuliza mara ya tatu." Alivaa kofia. "Hata nilimwambia itakuumiza. Enda umuulize mwenyewe."

Nilitembea hadi nyumbani. Si mbali. Nilimshukuru jirani, nikamsindikiza mlangoni, nikavua gauni la buluu na kuvaa la kazi. Ilikuwa saa ya uji. Niliupasha moto, nikauleta, nikauweka juu ya stuli, na nikakaa pale ninapokaa siku zote. Alikuwa akinitazama. Nikauchukua mkono wake wa kushoto. Bado kulikuwa na wino mweusi pembeni ya ukucha, pale nilipofuta vibaya.

"Ni wewe uliyemwambia Daktari akufute?"

Mara moja.

Nilijua mkono ule kuliko uso wangu, na haukuwa umetetemeka. Nikaanza kumtafutia sababu, maana yeye hawezi kuzitoa, lazima mimi nizitaje moja moja na kumpelekea, nimuumbie hata udhuru wake. Unaogopa kufa nikiwa sipo? Mara mbili. Ni maneno ya watu, kwamba mke anacheza na mume amelala? Mara mbili. Umechoka jina lako kuning'inia pale bure? Alisita. Mara mbili.

"Hukutaka nicheze?"

Mara moja.

Nilitazama mlango. Sauti niliyoitumia baadaye ilikuwa ile ya darasani, ya kumuuliza mtoto nani amevunja kioo.

"Tangu ulipougua?"

Mara mbili.

"Tangu mwanzo?"

Alikamua mara moja na hakuachilia. Aliushikilia mkono wangu kwa nguvu zote alizobakiza, macho yake yakiwa yamejaa maji, na mimi sikujua kama ni majuto au ni furaha ya kusema jambo baada ya miaka hiyo yote ya gazeti. Ningeweza kuuliza. Ni swali la ndiyo au hapana kama mengine. Nilikitoa kidole chake kimoja, kisha kingine, mpaka mkono wangu ukawa huru, na nikachukua kijiko.

Kigingi kilikuwa kimechomekwa, na mimi ndiye niliyekipaka wino.

Watu wanadhani nimekasirika kwa sababu ya klabu. Muuguzi huja kunitembelea, anasema watabadilisha sheria mwaka ujao, wake nao watapiga kura, nitajiunga kwa jina langu. Huenda. Namshukuru na kumpa chai. Siwezi kumweleza kwamba kila mchezo niliowahi kucheza umeharibika, hata ule nilioshinda mvua ikitishia na baraza nzima ikasimama kunishangilia. Sasa nikiukumbuka namwona mtu mmoja aliyekaa, mgongo wake umenigeukia, akingoja uishe. Daktari nilimwomba msamaha. Alisema hakuna neno, lakini hajaja tena, na mayai namtumia kwa mtu.

Nyumba yetu iko bondeni chini ya klabu, na upepo wa Jumamosi ukitoka upande ule nasikia mpira ukidunda. Sifungi dirisha. Namwogesha mume wangu, namgeuza, namkata kucha, namlisha, na hakuna mtu wa hospitali wala wa kanisa anayeweza kuja hapa akaona vumbi au kidonda. Naijua kiu yake bila kuuliza. Siku nyingine, nikiwa katikati ya kumlisha, anaufungua mkono wa kushoto juu ya blanketi, kiganja juu, na kuuacha pale akingoja niushike nimuulize kitu.

Nachota uji, naupuliza, nampelekea mdomoni.